Mgeni Asiyebisha Hodi

Ndugu msomaji, liko swali ambalo wengi wetu hulikwepa kwa kuwa jawabu lake si jepesi. Je, starehe iliyo halali, iliyolipiwa kwa pesa ya jasho, yaweza kumtia mtu lawamani kwa sababu jirani wa mahali anapostarehe yumo katika dhiki? Na ikiwa yaweza, lawama hiyo yaanzia wapi? Sisi watu wa pwani swali hili latuhusu sana, kwani wageni wetu wametujia kwa bahari tangu zamani, na mpaka leo meli kubwa za watalii hutia nanga Mombasa na Unguja. Lakini leo tutakwenda mbali kidogo, mpaka visiwa vya bahari ya Karibi, kwa sababu huko swali hili liliwahi kuulizwa kwa sauti kubwa, na dunia nzima ikasikia.

Kwanza tufahamu safari zenyewe zilivyo. Mume na mke hupanda meli katika bandari ya Miami au Fort Lauderdale, huko Florida, Marekani. Meli hizo ni miji inayoelea, ina vyumba vya kulala, mikahawa, maduka na mabirika ya kuogelea. Usiku abiria wamelala, meli yaenda. Asubuhi wakiamka, kisiwa kingine ki mbele yao. Leo Bahamas, siku nyingine Jamaica, kisha kwengine. Hushuka kwa saa chache, wakaoga baharini, wakanunua kofia au kikapu, na kabla ya jua kuchwa wamekwisha kurudi chomboni. Chakula chao kimo ndani ya nauli, kwa hivyo anayeshuka hana haja ya kula kwa mwenyeji, wala kulala kwake, wala hata kumuuliza jina lake.

Hatusemi kuwa jambo hili lina ubaya. Mtu na mkewe waliolea watoto wakawaoza, wakafanya kazi miaka thelathini na kuweka akiba kidogo kidogo, hapana wa kuwalaumu wakitaka kukaa pamoja juma moja bila ya moshi wa jikoni wala haraka za kazini. Ndoa nayo ni kama shamba, yataka kupaliliwa. Anayeona kila furaha ya mwenziwe kuwa ni kosa, huenda ana husuda kuliko uchaji. Basi hatuanzi kwa lawama, twaanza kwa kukiri kuwa starehe ya watu hawa ni haki yao.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Kaskazini ya nchi ya Haiti, karibu na mji wa Cap-Haïtien, ipo rasi moja nzuri iitwayo Labadee. Tangu miaka ya 1980 kampuni moja ya meli iliikodi rasi hiyo kutoka kwa serikali, ikaitengeneza fuko zake ziwe za kuogea, na ikaizungushia ua wenye walinzi. Abiria walishuka hapo moja kwa moja, na chakula chao cha mchana kikateremshwa kutoka humo humo melini. Wenyeji walioingia ndani ya ua ni wale wenye kazi hapo na wale walioruhusiwa kuuza vinyago na vitu vya mikono; wengine walibaki nje. Na kwa miaka kadha matangazo ya safari yaliwaambia abiria kuwa wanakwenda Hispaniola, ambalo ni jina la kisiwa kizima, na jina la Haiti halikutajwa. Mtu aliweza kukanyaga nchi ya watu na kuoga maji yao, asijue amekanyaga nchi gani.

Tarehe 12 Januari 2010, jioni, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji mkuu wa Haiti, Port-au-Prince, na miji ya jirani. Serikali ya nchi hiyo ilihesabu waliokufa kuwa zaidi ya watu 200,000. Labadee, iliyo mbali kaskazini, haikudhurika. Siku ya tatu yake, tarehe 15, meli iitwayo Independence of the Seas, yenye nafasi ya abiria zaidi ya 4,000, ilifika Labadee kama ilivyopangwa. Ilichukua pia shehena ya msaada: mchele, maharagwe, maziwa ya unga na maji. Kampuni ilisema kuwa faida itakayopatikana pale itatolewa kuwasaidia walioathirika, na mjumbe wa serikali ya Haiti alikubali meli zije, kwani nchi ilihitaji mapato. Abiria waligawanyika. Wako walioshuka wakaoga na kula. Wako waliobaki melini, wakisema kuwa chakula hakitawapita kooni.

Tuwaweke mbele yetu, kwa mfano, mume na mke mmoja katika safari kama ile. Mke amesimama kwenye sitaha akiitazama pwani, na asema: "Mimi sishuki. Nitakulaje nyama ya kuchoma hapa, na huko watu wafukua vifusi kwa mikono wakitafuta watoto wao?" Mume amjibu: "Mke wangu, tukibaki humu tutamfaa nani? Chakula kile kimeshushwa kwa kuwa meli imekuja. Na yule muuza vinyago, tusiposhuka, leo atarudi kwake mikono mitupu." Nani katika hawa wawili aliye na haki?

Mke ana haki, kwani huzuni nayo ina adabu zake. Kwetu mtaani, ukitokea msiba nyumba ya pili, harusi hupunguzwa vishindo na ngoma hunyamazishwa. Hapana adhaniye kuwa kunyamaza kwa ngoma kutamfufua maiti. Maana yake ni kumwambia mfiwa: tumejua, na tuko pamoja nawe. Anayekataa kufurahi mbele ya mfiwa hupoteza kidogo cha kwake kwa ajili ya heshima, na hilo ni jambo zuri.

Walakini hoja ya mke ina pahala pake palipo dhaifu. Tumuulize: lau meli ingelifika tarehe 11, siku moja kabla ya tetemeko, ungelishuka? Hapana shaka angelishuka, akaoga na kula kwa raha. Na siku hiyo ya tarehe 11 Haiti ilikuwa ndiyo nchi maskini kuliko zote katika mabara ya Amerika, na nje ya ua ule walikuwako watoto waliolala na njaa. Hawakutangazwa na redio yoyote, basi nyama ikapita kooni bila ya taabu. Huruma inayongojea kuamshwa na habari ni huruma, hatukatai, lakini ni yenye usingizi mzito.

Ama mume, naye ana haki. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Muuza vinyago hakutaka kuhurumiwa kutoka juu ya sitaha, alitaka mnunuzi. Lakini mume naye ana udhaifu wake. Yeye hakushuka kwa ajili ya muuza vinyago, alishuka kuoga. Kisha akaivika starehe yake kanzu ya sadaka ili moyo wake utulie. Kuoga si kosa, lakini kusiitwe sadaka. Anayetaka kutoa atoe, anayetaka kuoga aoge, na kila moja lijulikane kwa jina lake. Na ajipime kwa swali hili: lau safari ingelivunjika, je, zile pesa za kumfaa mwenyeji ungelizipeleka?

Sasa angalia, ndugu msomaji, jambo ambalo hapana hata mmoja wao aliyelitaja. Wote wawili wamezozana juu ya tetemeko, na hapana aliyeuliza juu ya ua. Ua ule ulikuwapo zaidi ya miaka ishirini kabla ya ardhi kutikisika. Tetemeko halikuzaa ila ile, lilifunua tu iliyokuwako. Hapa ndipo tunapoona lawama yaanzia wapi. Mtu halaumiwi kwa kufurahi hali mwengine ana shida. Ingelikuwa hivyo, hapana ambaye angelitia tonge kinywani, kwani duniani shida haziishi. Hulaumiwa pale furaha yake inapohitaji asimwone mwenye shida ndipo ikamilike.

Atasema mtu: ua ule ni kwa usalama. Hoja hii ina uzito. Haiti imekuwa na misukosuko mingi, na tangu 2024 safari za meli kwenda Labadee zimesimamishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya ghasia za magenge yenye silaha. Mgeni halazimiki kujitia hatarini, na hatusemi kuwa mume na mke wale waruke ua. Lakini ua wa waya ni kitu kimoja, na ua wa moyo ni kitu kingine. Hata aliye ndani ya ua wa waya aweza kujua nchi aliyomo yaitwaje na watu wake wameishije. Aweza kumwamkia yule mfanyakazi anayemletea kiti, na kumuuliza kwao ni wapi. Aweza kununua kinyago kwa bei ya haki, bila ya kumbana muuzaji mpaka apate hasara. Na usiku, chomboni, mume na mke waweza kuambiana waliyoyaona, badala ya kila mmoja kuumeza mchomo wake kwa kuogopa kumharibia mwenziwe likizo. Kwani watu wawili waliokaa pamoja miaka thelathini, wasipoweza kuambiana "moyo wangu haukutulia leo," juma zima la bahari na upepo limewafaa nini?

Kwetu haya yote yamo katika neno moja, nalo ni hodi. Anayebisha hodi amekiri mambo mawili: kuwa pahala pale pana mwenyewe, na kuwa yeye aingia kwa ridhaa yake. Meli inayofika kwenye rasi iliyozungushiwa ua haikubisha hodi kwa mtu; imefika pwani isiyokuwa na mlango wala mwenyeji.

Nasi wa pwani ya huku tusifurahie mno kuwanyoshea kidole wageni. Tumeyaona mahoteli ya ufukoni ambako mvuvi hufukuzwa kwenye mchanga alikochezea utotoni, na tumeumia. Lakini tutazame na nyua zetu wenyewe. Mara ngapi twapika pilau la harusi, harufu ikaruka ukuta, na jirani mjane hatukumpelekea hata sahani? Wazee walitufundisha kuongeza maji katika mchuzi ili na jirani apate. Hawakutuambia tuache kula. Walitaka tu tujue, kabla ya kuketi kitangani, nani yuko upande wa pili wa ukuta, na leo amekula nini.