Ushahidi wa Baraza

Mwanachuoni aendaye Bukiriro, wilayani Ngara, kuchunguza habari za Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, huenda akakuta barazani masimulizi yanayopatana. Je, wasimulizi kumi ni mashahidi kumi? Pengine aliyeona ni mmoja, na tisa walisikia kwake. Kosa hapa si dogo: miongoni mwa waliovuka walikuwamo wauaji na wasio na hatia, na jina likiandikwa kwa uvumi, mtu amekwisha hukumiwa. Lakini kulidharau baraza ni kiburi. Nyaraka ngapi nazo ziliandikwa kwa kusikia! Basi na aulize kwa adabu: “Mzee, uliona, ama uliambiwa?” Akijibiwa, “Niliambiwa,” asiyafute maneno yale, ayaandike hivyo hivyo, kisha amtafute aliyeyasema kwanza.