Fremu Iliyoachwa na Fremu Iliyoporwa
Je, ni halali kuivunja pikipiki kongwe iliyo nzima ili ipatikane fremu ya kuundia nyingine?

Katika Uingereza ya miaka ya 1950, kampuni ya Norton haikupenda kuuza injini peke yake. Waundaji wa magari madogo ya mashindano walinunua pikipiki nzima za Manx, wakang'oa injini, wakaziacha tupu fremu za Featherbed, ubunifu wa Rex McCandless wa Belfast. Zikatiwa injini za Triumph, ndiyo Triton. Hapo hakudhulumiwa kitu.

Fundi wa leo anayeichangua Norton kamili anatenda jambo jingine, hata kazi yake ikipendeza zaidi. Fremu mpya za mfano uleule zingali zikitengenezwa. Anayezikataa kwa kuwa hazina umri, umri huo anaunyang'anya wapi?