Flaiwili Nyepesi na Chakula cha Milo

Fundi mzuri wa Subaru jijini Nairobi akiulizwa klachi ipi ni bora, hajibu, bali anauliza. Gari hili linafanya kazi gani siku za wiki? Ni Thika Road usiku wa manane, au foleni ya Mombasa Road alfajiri? Injini imeongezwa nguvu kiasi gani, na giaboksi ni ile ile iliyotoka nayo Japani? Mteja aliyekuja na picha ya klachi kwenye simu huona anazungushwa. Kumbe anafanyiwa falsafa, tena ya kale.

Aristotle alikaa miaka 20 hivi katika Akademia ya Plato mjini Athens, lakini katika kitabu chake cha maadili hakusita kumpinga mwalimu wake. Plato alifundisha kwamba uko Wema wenyewe, mmoja, ulio juu ya vyote, na kila kilicho chema huku chini kimeuchota kutoka huko. Aristotle akahoji: seremala au mfumaji, akiisha kuujua Wema huo, kazi yake itaongezeka ubora kwa lipi? Tabibu naye hatibu afya ya watu wote kwa jumla. Anamtibu mgonjwa huyu aliyelala mbele yake.

Katika kitabu hicho hicho anamtaja Milo wa Croton, mwanamieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo aliyetwaa ushindi mara 6 kule Olympia. Ikiwa mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki) ni nyingi mno na 2 ni chache mno, anasema Aristotle, mwalimu wa mazoezi hatakimbilia kumpimia kila mtu 6 kwa kuwa ndiyo namba ya katikati. Sita zitamwacha Milo na njaa, na zitamlemea kijana aliyeanza mieleka jana. Kiasi sahihi kipo, ila hakipatikani kabla ya kumjua mlaji.

Turudi gereji. Flaiwili ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa kwenye ncha ya krankishafti, na pleti ya klachi hubanwa juu ya uso wake. Injini ya silinda 4 hupata msukumo mmoja kila nusu mzunguko. Ikinguruma pole pole kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni misukumo 27 hivi kwa sekunde. Kati ya msukumo na msukumo, uzito wa flaiwili ndio unaoivusha injini. Ukipunguzwa, injini hupanda na kushuka upesi, na dereva anayejua kubadilisha gia hufurahi kwelikweli. Lakini hapo hapo ngurumo ya kusimama huanza kutetemeka, kiyoyozi kikiwashwa mizunguko hudondoka, na mguu usiozoea huzima gari katikati ya mzunguko wa barabara. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Kabla turbo haijaanza kupuliza, injini ya huko ni dhaifu, na flaiwili nyepesi huufichua udhaifu huo kila taa inapogeuka kijani.

Faida yenyewe haikai mahali pamoja. Tuseme zimeondolewa kilo 4, kwa wastani sentimita 10 kutoka katikati ya sahani. Katika gia ya kwanza ya gari la kawaida, ambapo injini huzunguka mara 14 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, hesabu inaonyesha kwamba gari litachapuka kana kwamba limeteremsha kilo 87, yaani abiria mmoja mwenye mwili wake. Katika gia ya tano, chuma hicho hicho kilichoondolewa ni sawa na kuteremsha kilo 4 na nusu. Anayeingia gia ya tano Athi River na kuitoa Mtito Andei amenunua karibu hewa tupu.

Klachi nayo ina hesabu yake. Uwezo wake wa kubeba nguvu ya kuzungusha ni zao la mambo manne: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa msuguano, nguvu ya presha pleti inayozibana, na umbali wa nyuso hizo kutoka katikati. Nyuso 2, msuguano wa 0.3, nguvu ya niutoni 6,000 na umbali wa sentimita 10 hutoa niutoni-mita 360. Injini ikipita hapo, klachi itateleza, itapata moto, itanuka. Dawa zipo, na kila moja ina uchungu wake. Presha pleti ngumu huchosha goti. Pleti ya seramiki hushika kwa ghafla, kama swichi, na kuondoka taratibu kwenye foleni huwa mateso.

Watengenezaji huuza klachi hizi kwa hatua: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wengine wameongeza ya nne na ya tano. Hakuna kipimo kimoja kinachoziongoza. Hatua ya tatu ya huyu yaweza kuwa ya pili ya yule. Ila kosa kubwa zaidi ni picha yenyewe ya ngazi. Ngazi humwambia mnunuzi kwamba aliye juu amemzidi aliye chini, na kwamba aliyebaki na klachi ya kiwandani bado hajafika. Hayo ni mafundisho ya Plato ndani ya boksi la kadibodi. Klachi ya mashindano ikifungwa kwenye gari la kupeleka watoto shule si klachi iliyozidi ubora. Kwa kazi hiyo, ni klachi mbovu.

Hapa msomaji aweza kurukia upande wa pili na kusema basi kila mtu na chake, kila chombo kwa wimbile. Mwanafalsafa wa Kigiriki Protagoras alikuwa na hoja ya namna hiyo: upepo ule ule ni baridi kwa huyu na si baridi kwa mwenzake, na hakuna aliyekosea. Gereji inamkatalia. Aliyeipeleka flaiwili yake ya chuma cha kusubu ikakerezwe hadi iwe nyembamba aweza kuipenda atakavyo. Injini ikitoka mizunguko 3,500 kwenda 7,000, nguvu inayoivuta ipasuke huongezeka mara 4, na haimuulizi mwenye gari maoni yake. Milo na mwanagenzi wana vipimo tofauti, lakini kila mmoja aweza kukosea kipimo chake mwenyewe.

Tena nguvu ikizidishwa mahali pamoja huhamisha udhaifu. Giaboksi ya gia 5 ya Impreza za turbo ina sifa ya kuvunjika meno inaposhtuliwa. Klachi inayoteleza kidogo humeza mshtuko huo. Isiyoteleza kabisa huupeleka wote kwenye gia. Mwenye gari aliyelaani harufu ya klachi huenda alikuwa akilindwa nayo.

Fikra hii ya kiasi haikubaki kwa Wagiriki. Mwanafalsafa Miskawayh aliiandika katika maadili ya Kiislamu, na al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye vitabu vyake vimesomeshwa sana katika madrasa za pwani yetu, aliufananisha wastani wa kweli na Sirati, njia nyembamba kuliko unywele. Tofauti yake na Aristotle inafaa kuangaliwa. Kwa Aristotle, mwenye busara huipata shabaha kwa mazoea. Al-Ghazali haoni kama yuko wa kusimama juu ya unywele huo bila kuyumba. Anachoweza mtu ni kuukaribia, huku akiomba aongozwe.

Na gari la mtaani lililoongezwa nguvu linampa al-Ghazali hoja, kwa sababu lina kazi mbili. Jumatatu ni mwanagenzi kwenye foleni, Jumapili ni Milo uwanjani. Aristotle alizungumzia mlaji mmoja. Mafundi wana jibu la nusu: klachi ya pleti mbili. Nyuso zinatoka 2 kuwa 4, uwezo unaongezeka maradufu, na pedali inabaki laini. Lakini bei yake ni kubwa, na nyingi hupiga kelele za chuma mguu ukikanyaga. Asiyeweza kuilipia anarudi kwenye maswali ya fundi, na kuna moja ambalo wateja wengi hawakulitarajia: ukiacha wewe, nani mwingine anaendesha gari hili?