Ndala Iliyolika Upande

Mke ndiye aliyeona kwanza. Ndala ya kushoto ya mumewe ilikuwa imelika ukingo wa nje hadi kidole cha mwisho kinagusa mchanga, na ya kulia bado nzima. "Mume wangu, unatembea upande," akamwambia. Mzee akacheka, akanunua jozi nyingine mnadani. Jina lake tuliache. Vijiji vya Chiungutwa havikosi mtu wa namna hiyo, mwenye mikorosho mingi na asiyekubali kwamba anaumwa.

Goti lilianza zamani, alipoteleza na gunia begani akipeleka korosho ghalani kwa chama cha msingi. Lilivimba, likapoa, akalisahau. Mwezi wa sita alibeba bomba la salfa mgongoni kama kawaida, kwani ubwiriunga wa mikorosho haumsubiri mtu apone. Oktoba ikaja na kuokota, alfajiri mpaka jua kali. Maumivu yakizidi, alipita duka la dawa akachukua diklofenaki bila kupimwa. Hapo ndipo alipopotea. Kidonge kilinyamazisha goti, naye kila goti likinyamaza aliongeza mzigo. Mwishowe tumbo nalo likaanza kumchoma, maana dawa za jinsi hiyo zikizoeleka huchubua tumbo na kuumiza figo.

Majirani walikuwa na yao: baridi, uzee, na wachache wakanong'ona kwamba amekanyaga dawa. Tunapenda sana maelezo yasiyotudai tubadilishe chochote.

Hospitalini Masasi daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni nafasi yake. Upande wa nje wa goti nafasi ilikuwapo, pana. Upande wa ndani haikuwapo kabisa: mfupa wa paja umekalia muundi.

"Mzee wangu, mguu huu umeshaingia tege," daktari akasema.

"Tege si la watoto?"

Hata la watu wazima. Mguu ulionyooka tayari hupeleka zaidi ya nusu ya uzito upande wa ndani wa goti. Ukipinda tege, upande huo huelemewa zaidi. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikichakaa haijijengi upya kwa urahisi. Na kadiri inavyopungua, mguu unazidi kupinda. Ni kama tairi la baiskeli yenye uma uliopinda: utabadilisha tairi mara ngapi? Mwaka 2001 Leena Sharma na wenzake wa Chicago walichapisha utafiti wa watu 230 waliokwisha kuwa na yabisi ya goti. Kwa wenye matege, uwezekano wa upande wa ndani kuendelea kulika katika miezi 18 ulikuwa mara nne hivi ya ule wa wengine.

Nisieleweke vibaya. Si kila mwenye matege ataugua. Umri, uzito, ukoo na jeraha la zamani vyote vina sehemu yake. Kuinama na magoti yaliyonyooka wakati wa kuokota huutesa zaidi mgongo. Goti huteswa na kuchuchumaa na kupiga magoti kwa kazi nzito mwaka baada ya mwaka. Na yupo mgonjwa ambaye vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vinakakamaa saa nzima au zaidi. Huyo huenda ana ugonjwa mwingine, kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake mwenyewe, na hautoki kwenye mkao. Asicheleweshe hospitali.

Mzee alikuwa na bakora, akiishika mkono wa kushoto, upande wa goti bovu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaihamishia kulia. Wakabishana kweli: mtu aegemee upande mzima? Ndiyo, mkono wa upande wa pili ndio unaolipunguzia goti mzigo. Akatembea hadi mlangoni na kurudi, na ubishi ukaisha. Akapewa na kazi ya nyumbani: kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu, kuushikilia hewani, kuushusha taratibu, ili msuli wa paja ulibebe goti. Korosho abangue akiwa juu ya kiti, asichuchumae. Alitajiwa pia upasuaji wa kuweka goti la bandia, unaofanyika katika taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Akapiga hesabu ya kilo za korosho kimyakimya, akaomba aanze na mazoezi.

Msimu wa salfa uliofuata, mwanawe alirudi kutoka uwanjani akichechemea, goti limevimba. "Litapoa, baba," kijana akasema, mkono tayari kwenye bomba. Mzee akalitwaa, akatafuta kibarua wa kupuliza, akamlipa bodaboda amfikishe kijana Masasi siku hiyohiyo. Kijana alinuna njia nzima.