Amri Ikikosea, Nani Analipa?

Sijawahi kusikia serikali iliyowalazimisha watu wake ikakosa sababu nzuri ya kufanya hivyo. Usalama, afya, elimu, maendeleo: maneno haya hayakauki kwenye nyaraka za watawala. Kwa hiyo anayetaka kujua mamlaka ya serikali yaishie wapi hatafika mbali kwa kuchunguza wema wa nia. Kuna swali linalouma zaidi: amri hiyo ikiwa ya makosa, hasara ni ya nani?

Chukua bonde la Rufiji, Tanzania. Mwaka 1968 mto ulifurika, mazao yakasombwa, ikabidi serikali ilishe watu. Viongozi wakaona jibu liko wazi: watu watolewe bondeni, wapelekwe sehemu za juu, wakae vijijini ambako shule, zahanati na maji vitawafikia. Mtu anayezama haulizwi kama anataka kuokolewa.

Ila Mrufiji hakuwa anazama. Maji yaleyale yaliyomchukulia mpunga ndiyo yaliyomletea tope lenye rutuba, na yakishapungua alipanda mahindi na pamba kwenye unyevu uliobaki. Msimu wa kulinda shamba ulipofika alihamia kwenye dungu lake, akawafukuza ndege, nyani na nguruwe hadi siku ya kuvuna. Mafuriko makubwa yalikuwa gharama aliyoijua, naye aliikubali kwa sababu miaka mingine mto ulimlipa. Huko juu alikopelekwa ardhi ni ya mchanga. Shamba likabaki bondeni, mwendo mrefu kutoka nyumbani, na nguruwe wakapata nafasi. Wengi wakawa wanarudi bondeni kila msimu, amri au si amri. Aliyepanga uhamisho angeweza kupewa kituo kingine cha kazi, na mshahara wake ukamfuata huko. Aliyehamishwa alibaki na njaa.

Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru, alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama daraja litavunjika kwa hakika na mtu hana habari, unaweza kumshika, maana hakukusudia kutumbukia. Lakini kama ni hatari tu, si hakika, na yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu, mwonye kisha umwache aamue. Mrufiji aliijua hatari ya mto kuliko yeyote aliyekuja kumwonya. Jambo la kushangaza ni kwamba Mwalimu Nyerere alimsoma Mill tangu akiwa mwanafunzi Makerere, na Oktoba 1968, mwaka uleule wa mafuriko, aliandika katika waraka wa Uhuru na Maendeleo kwamba watu hawawezi kuendelezwa na wengine, hujiendeleza wenyewe. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Mamilioni wakahamishwa, wengine kwa malori, na kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi.

Siamini kwamba alikuwa mnafiki. Nadhani alichoka kungoja, na uchovu wa mtu mwema mwenye jeshi ni jambo la kuogopwa. Wala hiari haikuwa imekosekana. Kule Ruvuma, watu wa Litowa na vijiji vya jirani walikuwa wameanzisha ujamaa wao wenyewe, wakiwa na shule na umoja wao. Septemba 1969 chama tawala kiliupiga marufuku umoja huo na mali zake zikachukuliwa. Ujamaa wao haukuwa na kasoro zaidi ya ule wa amri; ulikuwa na mwenyewe, basi.

Hapo ndipo ninapowashangaa viongozi wanaowalaumu wananchi kwa kusubiri kila kitu kifanywe na serikali. Sote tunaijua ile sauti ya taarifa ya habari: pampu imeharibika, mwanakijiji anashika kipaza sauti, anasema tunaiomba serikali itusaidie. Uvivu? Labda, kwa baadhi. Lakini mtu aliyechaguliwa mahali pa kujenga, akapangiwa zao la kulima na ekari za kulima, ana haki ya kudhani kwamba na pampu ina mwenyewe, naye si yeye. Wajibu hauwezi kupewa mtu baada ya uamuzi kuchukuliwa na mwingine. Huja pamoja na uamuzi au hauji kabisa.

Kuna anayeweza kunigeuzia kibao. Abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti akivunjika kichwa, kitanda cha hospitali analipia nani? Sisi sote. Ni kweli, na sheria ya helmeti naiunga mkono. Ila hoja hii ya kwamba hasara ya mmoja ni ya wote haina breki: kwa hoja hiyo unaweza kunipimia chumvi ya mchuzi wangu. Tofauti ninayoiona ni ya ukubwa wa kinachochukuliwa. Helmeti inanigusa nikiwa barabarani, na bunge likigundua limekosea, sheria hufutwa na kichwa changu kiko palepale. Kijiji kilichohamishwa hakirudishwi kwa kufuta kifungu.

Katiba ya Tanzania ilipoongezewa haki za binadamu mwaka 1984, ibara ya 17 ilimpa raia uhuru wa kuishi sehemu yoyote ya nchi. Ibara ya 30 ikaruhusu haki hizo ziwekewe mipaka kwa ajili ya mambo kadhaa, mojawapo likiwa mipango ya maendeleo ya miji na vijiji. Mlango uleule uliopitisha malori umeachwa na komeo jepesi.

Mwaka 2024 Rufiji ilifurika tena, na viongozi wakawahimiza watu wahame mabondeni. Safari hii juu ya mto kuna bwawa kubwa la umeme, na ubishi kuhusu mchango wake katika mafuriko hayo ulikuwa mkali. Kuonya ni kazi halali ya serikali, na kutoa viwanja sehemu za juu ni wema. Lakini siku ushauri utakapotaka kugeuka amri, mkulima aonyeshwe kwanza, kwa maandishi yanayoweza kufikishwa mahakamani, ni fungu gani la bajeti litakalomlisha endapo mchanga wa huko juu hautazaa.