Jani Lililoumia Halinyamazi



Ukipita mashamba ya chai ya Dindira, kule milimani Korogwe, wakati watu wanachuma, unasikia harufu ya ubichi hewani. Harufu ile ni gesi ambazo jani lenyewe linazitengeneza na kuziachia. Misitu na mimea ya dunia, kwa pamoja, inatoa gesi za aina hii nyingi kuliko viwanda na magari yetu.

Sasa sikia hili. Mahindi yakitafunwa na viwavi, harufu yake hubadilika. Nyigu wadogo huinusa, wakaja kutaga mayai ndani ya kiwavi, na kiwavi hufa. Mimea jirani nayo ikiipata harufu hiyo, huanza kujiandaa kabla haijaguswa. Mmea hauna mdomo, lakini ukiumizwa unaita msaada.

Na sisi je? Kijana amefeli mtihani, anapigwa nyumbani, amechoka hata kuishi. Ukimuuliza, "Mambo?" anajibu, "Poa tu." Eti mwanaume halii. Eti binti mwema anavumilia. Jamani, Yesu mwenyewe hakujifanya mgumu. Kule Getsemani aliwaeleza rafiki zake jinsi huzuni ilivyomlemea, akawaomba wakeshe naye (Mt 26:36-40). Shida ni kwamba wao walilala.

Kumbuka siku ya Kipaimara. Ulipakwa Krisma kwenye paji la uso: mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na manukato, kwa desturi balsamu, yaani utomvu wa mti wenye harufu nzuri. Mtakatifu Paulo naye anatufananisha na harufu nzuri ya Kristo (2Kor 2:15). Harufu haibaki kwa mwenyewe, inamfikia jirani.

Basi, kama unaumia, leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini: paroko, katekista, mlezi wa VIWAWA, shangazi. Akikupuuza, usikate tamaa, nenda kwa mwingine. Hiyo si aibu wala si upungufu wa imani. Na kama rafiki yako amekuwa kimya ghafla, usilale kama mitume. Mfuate, kaa naye, msikilize bila kumhubiria.

Tusali: Bwana Yesu, uliyelia mbele ya rafiki zako, utupe ujasiri wa kusema tunapoumia, na masikio ya kumsikia anayeumia pembeni yetu. Amina.