Nimlipe Mtu Anisikilize?

Mwambie jamaa mwenye unyogovu aende therapi, atakuuliza: "Nimlipe mtu nisiyemjua anisikilize, na niko na mabeshte mtaani?" Si swali la kipuzi. Kwetu kusikilizana ni undugu, hakuuzwi kama unga.

Lakini ebu fikiria akiongea nyumbani. Mamake hatalala. Mkewe ataanza kuhofia karo. Mabeshte watacheka, wamnunulie moja baridi, halafu kesho wamtanie eti ametoroka Mathari. Ndio maana wengi hunyamaza. Si kiburi kila wakati. Mara nyingine wanawakinga wanaowapenda.

Hapo ndipo mgeni anafaa. Ukishamlipa, humdai na hakudai. Kwa hiyo saa moja wewe si baba, si kifungua mimba, si mtu wa kutumwa pesa za dawa. Unaweza kusema umechoka kuishi, na hakuna atakayekuvunjikia mikononi.

Hata sheria ilitufunza kunyamaza. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka 2. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba.

Je, undugu umebaki na kazi gani? Mwanaume akifa, kufikia jioni tushafungua grupu ya WhatsApp na M-Pesa zinaingia. Ada ya therapi pia huchangwa. Tumchangie akiwa bado anaweza kusema asante.